Nani Ashike Kipaza Sauti Jumapili?

Jumatatu, Novemba 18, 2024, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alitoa taarifa iliyowaacha Wakenya vinywa wazi. Siku iliyotangulia, Rais William Ruto alikuwa amehudhuria misa katika kanisa la Soweto, mashariki mwa jiji, na kama ilivyo desturi hakwenda mikono mitupu. Aliacha Sh600,000 za kwaya na kundi jingine la parokia, akatoa Sh2 milioni za kujenga nyumba ya padri, kisha akaahidi Sh3 milioni nyingine pamoja na basi. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, naye alichangia Sh200,000. Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe kwa waliozitoa, na zile za ahadi zisipokelewe.

Kwa asiyeijua Kenya, hilo ni jambo dogo: mtu katoa, mwingine kakataa, yameisha. Lakini kwa muumini aliyezoea kuona waziri akipewa kiti cha mbele na kipaza sauti kabla hata matangazo ya ndoa hayajasomwa, taarifa ile ilikuwa kama padri kuamka siku moja akasema sadaka haihitajiki. Simu zilijaa pongezi. Zilijaa pia swali la wale wasiosahau upesi: mbona sasa? Wanasiasa hao hao walikuwa wamepita kwenye mimbari hizo hizo kwa miongo mingi, na bahasha zao zilipigiwa makofi na vigelegele.

Jumapili ya Kenya ina ratiba mbili. Iko ile iliyobandikwa ubaoni, ibada ya kwanza ya Kiingereza, ya pili ya Kiswahili, kisha mkutano wa kina mama. Na iko ile isiyoandikwa popote: ving'ora langoni, walinzi wa miwani myeusi kando ya mlango wa sakristia, kwaya kuombwa iimbe wimbo mmoja zaidi kwa kuwa mheshimiwa bado yuko njiani, na mahubiri kukatwa ili “wageni wetu” wasalimie watu. Salamu hugeuka mipasho, mipasho hugeuka kampeni, na mwishoni hutajwa kiasi. Enzi za Daniel arap Moi, taarifa ya habari ya redio jioni ya Jumapili ilianza na kanisa aliloabudu Mtukufu Rais, hata kama siku hiyo dunia ilikuwa inaungua kwingineko.

Mwanasiasa hafuati tu wokovu pale. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakristo ni asilimia 85.5 ya Wakenya, na Waislamu asilimia 10.9. Hakuna mkutano mwingine unaokusanya watu wengi hivyo kila wiki bila kukodi hema, bila kulipa nauli na bila kuomba kibali cha polisi. Mkutano unakuwa tayari, umekaa, umenyamaza, na umefundishwa kuitikia “Amina”.

Hofu inayozungumzwa leo katika makanisa ya Kenya inazaliwa hapo. Kuna wakati Kanisa liliogopa rungu, na licha ya hofu hiyo likasema. Baadaye likaja kuogopa kupungukiwa, na hofu hii ya pili, iliyo laini na yenye adabu, ndiyo iliyolinyamazisha.

Hofu ya kwanza ina majina na tarehe. Mwaka 1986 chama tawala cha KANU kilipoamua wapigakura wajipange foleni nyuma ya wagombea, au kwa jina lililobaki midomoni mwa watu, mlolongo, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilipinga. Uchaguzi wa 1988 ulipofanyika kwa mtindo huo, foleni fupi ziliweza kutangazwa kuwa ndefu mchana kweupe. Jarida la baraza hilo, Beyond, likachapisha maovu yaliyotendeka. Serikali ikalipiga marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akatupwa jela.

Usiku wa Aprili 21, 1989, watu wenye silaha walivamia nyumba ya Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana, kule Kirinyaga. Gitari alikuwa akihubiri dhidi ya wizi wa kura, akiwapitisha waumini wake katika hadithi za Biblia ambazo kila mtu kanisani alijua zinamhusu nani. Wavamizi walipokuwa wanavunja milango, askofu alipanda juu ya paa la nyumba akapiga mayowe. Majirani wakaja. Alinusurika, akaendelea kuhubiri, na mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu.

Alexander Muge wa Eldoret hakunusurika. Kabla ya kuvaa kola alikuwa askari wa kikosi cha polisi cha GSU, kwa hiyo alifahamu vizuri jinsi vitisho vya dola vinavyotengenezwa. Agosti 1990, Waziri wa Leba Peter Okondo alimwonya hadharani, yeye na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, kwamba wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke hai. Muge alikwenda. Mnamo Agosti 14 alihudhuria shughuli zake Busia, akawasalimia watu, na akirudi nyumbani gari lake likagongana na lori la maziwa. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Wakenya wa rika fulani, ukiwatajia lori la maziwa, hawaulizi unazungumzia nini.

Okullu mwenyewe alikuwa na historia ya kalamu. Miaka ya sitini alihariri Target, gazeti la Kikristo lililotoka Nairobi na ambalo ndugu yake wa Kiswahili aliitwa Lengo. Kwake, Kanisa kukosoa serikali halikuwa jambo la kuomba radhi; lilikuwa sehemu ya kazi, kama kubatiza na kuzika. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri, PCEA, alikwenda mbali zaidi. Siku ya Mwaka Mpya wa 1990, wiki chache baada ya tawala za kikomunisti kuanguka Ulaya Mashariki, alihubiri kwamba tawala za chama kimoja za Afrika nazo zitafuata njia hiyo. Kabla na baada ya siku hiyo Njoya alipata mapigo kutoka pande mbili, na hili hutajwa kwa nadra: kanisa lake lenyewe liliwahi kumwadhibu kabla polisi hawajamgusa.

Halafu kuna kina mama. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walipigwa na polisi katika Bustani ya Uhuru walipokuwa wamefunga kula kudai wana wao waachiliwe. Walihamia ng'ambo ya barabara, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na wakakaa huko, chini ya kanisa, kwa karibu mwaka mzima hadi wafungwa walipoanza kutoka. Chini ya Askofu Mkuu Manasses Kuria milango haikufungwa. Ibada za Jumapili ziliendelea juu, kina mama wakilala chini.

Upande wa Katoliki, Ndingi Mwana a'Nzeki, wakati huo Askofu wa Nakuru, alisimama na waliofukuzwa kwenye mashamba yao katika mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini. Padri John Kaiser, mmisionari Mmarekani aliyewatetea wakimbizi hao na kutoa ushahidi dhidi ya vigogo, alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha Agosti 2000. Wachunguzi wa FBI walisema alijiua. Mahakama ya Kenya iliyochunguza kifo hicho iliamua mwaka 2007 kwamba aliuawa.

Na Waislamu? Pwani, chama cha Islamic Party of Kenya (IPK) kilinyimwa usajili mwaka 1992, na Sheikh Khalid Balala, mhubiri wa mitaa ya Mombasa aliyejaza watu barabarani, akazuiwa Ujerumani baada ya serikali kukataa kumpa pasipoti mpya. Miaka michache baadaye, Desemba 1999, viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu walikutana pamoja katika jumba la Ufungamano, Nairobi, na kuanzisha mchakato wao wa kuandika katiba, serikali itake isitake.

Si makanisa yote yalikuwa upande huo. Africa Inland Church (AIC), kanisa la Moi mwenyewe, lilijitoa NCCK katika mvutano ule, na wahubiri kadhaa wa kiinjili walijipanga nyuma ya rais kwa furaha. Na ujasiri wa waliosema ulikuwa na mlipaji. NCCK na makanisa makubwa yalitegemea sana washirika wao wa Ulaya na Marekani, waliolipa mishahara, magari na mitambo ya uchapishaji. Askofu aliyemkosoa waziri Jumapili hakuhitaji mchango wa waziri huyo Jumatatu. Jambo hilo haliondoi sifa za Muge wala Gitari, maana risasi na malori havibagui nani analipwa na nani. Linaeleza tu kwa nini wadhamini wa ng'ambo walipoanza kupunguza mkono, sauti nayo ilianza kushuka.

Mwaka 2002 Moi aliondoka, Mwai Kibaki akaingia, na viongozi wengi wa dini wakaona rafiki yao yuko Ikulu. Katibu Mkuu wa NCCK, Mchungaji Mutava Musyimi, aliingia bungeni mwaka 2007 kama mbunge wa Gachoka. Hakuna sheria aliyovunja. Lakini kwa muumini wa kawaida, mpaka kati ya anayeonya na anayeonywa ulififia.

Gharama ilijulikana siku chache baadaye. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000, na Januari 1, 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo. Maaskofu walipojaribu kupatanisha, watu waliwauliza wa kabila gani. Februari 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande, na ikaomba msamaha. Ilikuwa toba ya kweli, lakini ilikuwa ya maneno. Namna ya kupata fedha, na ya kuchagua nani akae mbele, haikuguswa.

Kisha ikaja kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Makanisa makubwa yalipinga katiba mpya kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na Mahakama za Kadhi. Mwanasiasa mkuu aliyeongoza kambi hiyo hiyo ya “La” alikuwa William Ruto. Wakenya, wengi wao wakitoka moja kwa moja kwenye viti vya makanisa hayo, walipitisha katiba kwa asilimia 67 hivi. Maaskofu waligundua siku hiyo kwamba kundi linaweza kusikiliza mahubiri kwa heshima, likaitikia Amina, na likaenda kupiga kura litakavyo. Kwa Ruto ulikuwa mwanzo wa urafiki wa muda mrefu na wahubiri, uliomfikisha Ikulu mwaka 2022 akisindikizwa na sala na nyimbo.

Dalili ya kwanza ya kugeuka ilionekana Butere, magharibi mwa Kenya, Septemba 12, 2021. Siku hiyo Rose Okeno alisimikwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kanisa la Kianglikana nchini Kenya. Wanasiasa Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwepo, na wapambe wao walitarajia mambo yawe kama kawaida. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akatangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu, lakini hakuna atakayehutubia. Siku chache baadaye maaskofu Wakatoliki nao walitoa msimamo kama huo. Inafurahisha kwamba kipaza sauti kilifungwa siku ile ile mwanamke alipokabidhiwa fimbo ya uaskofu. Kwa miaka mingi kanisa hilo lilikuwa limeogopa mambo hayo mawili, na dunia haikuanguka kwa lolote kati yake.

Hata hivyo, kufunga kipaza sauti ni rahisi kuliko kufunga mfuko. Mheshimiwa aliweza kukaa kimya kanisani, kisha akahutubia nje langoni juu ya gari, na mchango wake ukapitia mlango wa nyuma au namba ya simu.

Ilihitaji vijana. Juni 2024, maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha yalipoenea, kizazi cha Gen Z kiligeuza simu zake upande wa madhabahu. Picha za wachungaji wakipokea fedha za wabunge zilisambazwa pamoja na rekodi ya kura za wabunge hao kuhusu mswada huo. Wito ukazunguka mitandaoni: wanasiasa wasipewe nafasi Jumapili, na mchungaji atakayewapa aulizwe. Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge, polisi wakafyatua risasi, na siku iliyofuata Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika miezi ya maandamano hayo.

Vijana hawa walikuwa na jambo ambalo upinzani wa miaka ya tisini haukuwa nalo. Walizaliwa ndani ya makanisa, wengi waliimba kwaya za watoto na kusoma shule za misheni, na walinukuu Biblia kwa wachungaji wao bila kigugumizi. Hawakuwa wanaipinga imani. Walikuwa wanaidai. Hapo hofu ya tatu ikaingia, na hii inawasumbua maaskofu kuliko zile mbili: kwamba siku moja watahubiria viti vitupu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 750,000 waliosema hawana dini, na hao ni waliothubutu kumwambia karani wa sensa aliyekaa sebuleni kwa mama yao.

Julai 5, 2024, Ruto mwenyewe alisema maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee, yaani michango ya hadhara, na akaagiza sheria iandaliwe. Novemba 14 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali lililoishutumu serikali kwa uwongo na ahadi zisizotimizwa. Siku tatu baadaye rais alikuwa Soweto na mamilioni yake, na siku moja baada ya hapo Anyolo akayarudisha. Ukiyaweka matukio hayo kwenye kalenda, unaona kwamba askofu hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Angekubali zile fedha, tamko la Alhamisi lingekuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Wengine hawakumfuata. Machi 2, 2025, Ruto alitoa Sh20 milioni kwa Jesus Winner Ministry, kanisa la Roysambu kando ya Barabara Kuu ya Thika. Jumapili iliyofuata vijana walijaribu kuandamana hadi kanisani, barabara ikafungwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na makumi wakakamatwa. Waumini waliendelea kuabudu ndani chini ya ulinzi wa polisi. Mwezi huo huo rais alikuwa Eldoret, katika kanisa la AIC, akitoa kiasi kingine kikubwa na kutetea haki yake ya kumtolea Mungu. Ile ahadi ya Julai kuhusu harambee ilikuwa imezeeka kabla haijafikisha mwaka.

Ni rahisi kumcheka mchungaji wa Roysambu, na wengi walimcheka. Haki inadai tumtetee kidogo. Padri wa Nairobi ana jimbo nyuma yake, ardhi, shule, hospitali, na Roma juu ya yote hayo. Mchungaji wa kanisa huru ana waumini wake na deni la jengo tu. Katika mafundisho yake, baraka huonekana kwa macho, na mgeni anayeleta mamilioni ni jibu la maombi. Kumwambia akatae bila kumwonyesha paa litaezekwa na nani ni kumwomba awe Muge kwa mshahara wa kubahatisha. Lakini swali la vijana waliosimama mbele ya polisi linabaki pale pale: mshahara wa rais unajulikana, je, milioni 20 za Jumapili moja zinatoka wapi?

Hofu ya vijana wanaouliza si mpya: Afrika Mashariki imewahi kuona Kanisa likiogopa upya wake lenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya thelathini, uliingia Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937 na Tanganyika baadaye. Ndugu wa uamsho, Waganda waliwaita Balokole, walikuwa watu wasumbufu. Walitubu hadharani: nani aliiba sukari ya hospitali, nani alidanganya hesabu, nani ana mke wa pembeni. Baya zaidi, waliwataka viongozi wao nao watubu. Mwaka 1941 Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26 waliokataa kunyamaza, William Nagenda akiwemo. Uongozi uliona uasi wa vijana wasiojua adabu.

Uamsho haukufa. Ulibaki ndani ya kanisa hilo hilo lililowafukuza watu wake, ukalea walei na makasisi. Mmoja wa waliookoka katika wimbi hilo, mwaka 1948, alikuwa mwalimu kijana wa Acholi aliyeitwa Janani Luwum. Alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, akamwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na Februari 1977 akauawa. Waliowafukuza vijana wa Mukono wangeshangaa kuona ni shina gani lililowazalia shahidi wanayemwadhimisha leo.

Kilichowafanya Balokole waogopwe ni kile kile kinachokosekana katika matamko mengi ya leo. Walisema dhambi kwa jina na kiasi. Baraza la maaskofu linaweza kutoa tamko la kurasa kumi kuhusu ufisadi serikalini, na parokia zake zisiwe na ubao hata mmoja unaoonyesha fedha za mwaka zilizoingia, zilizotoka, na waliozitoa. Ziko parokia zinazosoma hesabu mbele ya waumini, na zinazozisoma mara kwa mara hupata michango bila kusukumana. Lakini kwingi mweka hazina ni jamaa wa mwenyekiti, na kijana anayeuliza huambiwa aombee roho ya unyenyekevu.

Hapo ndipo kisa cha Shakahola kinapoingia. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu huo wa Kilifi, na kabla kazi haijasimama miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake, na wamekana mashtaka. Ruto aliunda jopo la kupendekeza namna ya kusimamia taasisi za dini, na aliyepewa uenyekiti ni yule yule Mutava Musyimi aliyetoka NCCK akaenda bungeni. Ripoti ilikabidhiwa Julai 2024, ikaja na mapendekezo ya sheria ya usajili na uwajibikaji.

Viongozi wengi wa makanisa walipinga, kama walivyopinga Januari 2016 Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alipotaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia na makanisa yajisajili upya. Safari ile Rais Uhuru Kenyatta alirudi nyuma ndani ya wiki chache. Sababu za upinzani hazikosi uzito. Wanaomkumbuka Moi wanajua serikali iliyopewa ufunguo wa kusajili kanisa hupata pia ufunguo wa kulifunga, na Waislamu wa Pwani hawahitaji kukumbushwa kisa cha IPK. Ila ni vigumu kuusikiliza utetezi huo bila kutabasamu. Mkono wa serikali unaogopwa unaposhika fomu ya usajili, ilhali mkono huo huo ukishika bahasha hupokewa kwa shangwe. Kanisa linalotaka serikali isilikague lina njia moja ya kuaminika, nayo ni kujikagua mbele ya waumini wake, jambo ambalo halihitaji kibali cha Bunge.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 10, 2027. Historia ya harambee nchini inaonyesha kwamba michango ya wanasiasa hupanda kila kura inapokaribia, na mapadri wa mashambani hawahitaji kalenda kulijua hilo. Wanalijua kwa idadi ya magari yanayoanza kuuliza njia. Kufikia wakati huo taarifa ya Anyolo itakuwa imepimwa Jumapili nyingi, mbali na kamera za Nairobi.

Na mtihani mgumu haupo Nairobi hata kidogo. Jimbo Kuu lina waumini wenye mishahara, majengo ya kukodisha na shule zenye karo kubwa. Linaweza kurudisha Sh2 milioni za nyumba ya padri na nyumba ikajengwa. Kule Lodwar au Marsabit, ambako mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo hata sadaka hukauka, mbunge anayefika na mabati 200 ndiye mfadhili pekee aliyefika mwaka huo. Paroko wa huko akitii msimamo wa maaskofu, waumini wake wataendelea kuabudu chini ya mti, na watamuuliza yeye, wala si Anyolo. Kwa hiyo maaskofu watakapokutana kupanga mwaka wa uchaguzi, ajenda ya kwanza haipaswi kuwa tamko jingine juu ya serikali. Iwe ni kiasi gani Nairobi, Nakuru na Kisumu zitatuma kaskazini, kupitia mfuko gani, na nani atasoma hesabu zake.